Muda wa Mtu wa Mji Mdogo

Wahenga walituachia maneno mengi ya kutufundisha kungoja. Subira yavuta heri, walisema; mvumilivu hula mbivu; haraka haraka haina baraka. Nimeyasikia maneno hayo tangu utotoni na siyakatai. Lakini kadiri umri unavyosogea nimeanza kujiuliza swali moja ambalo methali hizo hazilijibu: ni nani hasa anayeambiwa asubiri? Mara nyingi nimeona kwamba mwenye kuisifu subira ni yule ambaye haja yake imekwisha kutimizwa, na mwenye kuhimizwa kusubiri ni yule aliye mbali. Subira ya mtu aliyeichagua mwenyewe ni tabia njema, hakuna anayebisha. Kusubirishwa ni jambo jingine kabisa. Anayesubirishwa huchukuliwa sehemu ya maisha yake bila kuulizwa, na sehemu hiyo hairudi.

Nataka kulitazama swali hili kwa kupitia jambo ambalo kwa macho ya kwanza ni dogo na la kifundi, nalo ni upungufu wa mahali pa kuchajia magari ya umeme kwa kasi katika miji midogo. Namwomba ndugu msomaji asiyemiliki gari la umeme, na pengine asiyemiliki gari la aina yoyote, anivumilie. Nitalazimika kueleza habari za magari kidogo, lakini ninachokitafuta ni saa za binadamu na thamani yake.

Mimi ni mtu wa Kilwa. Kwa miaka kadhaa sasa nimeishi katikati ya Wales, katika mji mdogo kandokando ya barabara ya A470, ile inayotoka Cardiff kusini hadi Llandudno kaskazini, kiasi cha kilomita 300 za milima, kondoo na mvua. Nyumba za mtaa wetu ni za mawe, zimeshikana ukuta kwa ukuta, na mlango ukifunguliwa mguu unakanyaga njia ya wapita kwa miguu. Hatuna ua wala mahali petu pa kuegesha gari. Mwaka 2022 nilinunua gari la umeme lililokwisha kutumiwa na mtu mwingine, Nissan Leaf lenye betri ya uniti 40, uniti zile zile ambazo nyumbani tunazinunua kwa LUKU. Ikijaa, siku za joto inanipeleka kama kilomita 220. Baridi ikija, safari hiyo hupungua sana.

Sasa tazama hesabu ya muda. Gari hilo likichajiwa kwenye soketi ya kawaida ya nyumba, ile ya pasi na birika, betri tupu huchukua saa 17 au zaidi kujaa. Likichajiwa kwenye nguzo ya kilowati 7, ambazo mji wetu unazo mbili, huchukua saa 6 au 7. Likichajiwa kwenye chaja ya kasi ya kilowati 50, kabla saa moja haijaisha betri huwa imefika asilimia 80. Umeme ni ule ule, waya zinatoka mtandao ule ule, na gari ni lile lile. Kinachotofautiana ni muda tu. Kwa hiyo mtu akisema kwamba mji mdogo hauna umeme wa kuchajia magari, hasemi kweli. Umeme upo katika kila nyumba. Kisichokuwepo ni kasi.

Wajapani waliobuni mojawapo ya mifumo ya kwanza ya kuchaji kwa kasi waliuita CHAdeMO, na wenyewe husema kwamba ndani ya jina hilo wameficha maneno ya lugha yao ya kumkaribisha mtu kikombe cha chai. Maana yao ni kwamba unapokunywa chai, gari linashiba. Neno chai nasi tunalo, na desturi ya kumkaribisha mtu chai tunayo pia, kwa hiyo jina hilo lilinifurahisha nilipolielewa. Lakini huwezi kumkaribisha mtu chai ya saa 7. Hapo umemkaribisha kulala.

Ni haki tuulize kwanza kwa nini mambo yako hivyo, maana mtu akiona upungufu huwa mwepesi kudhani kuna nia mbaya. Mara nyingi hakuna nia yoyote, na hilo ndilo linalotisha zaidi.

Nishati ya zamani ilikuwa rahisi kubebeka. Mwezi Agosti 1888, Bertha Benz alipoendesha gari la mumewe kutoka Mannheim hadi Pforzheim, safari ya kilomita 100 hivi, mafuta yalimwishia njiani. Akaingia katika duka la dawa la mji mdogo wa Wiesloch, akanunua kimiminika kilichokuwa kikiuzwa kwa kusafishia madoa, akakitia ndani ya gari, akaendelea na safari. Kwa hiyo kituo cha kwanza cha mafuta duniani kilikuwa duka la dawa, tena la mji mdogo. Nasi tuliokulia kusini mwa Tanzania hatuhitaji kwenda Ujerumani kulielewa jambo hili. Petroli ilifika vijijini kwa dumu na debe, ikauzwa kwa chupa kando ya njia, juu ya meza ya mbao. Haikuhitaji kampuni kufanya utafiti. Ilihitaji mtu mmoja mwenye baiskeli na mtaji mdogo.

Umeme wa kasi haubebeki katika dumu. Birika moja la umeme la hapa Uingereza hutumia kilowati 3 hivi. Chaja moja ya kilowati 150, ambayo siku hizi ndiyo inayowekwa kwenye barabara kuu, ni sawa na mabirika 50 yakichemka kwa mara moja. Na chaja nne kama hiyo ni mabirika 200. Transfoma inayotosha taa, redio na majiko ya mtaa wetu haikutengenezwa kwa mzigo huo. Lazima iwekwe nyingine, pengine na waya mpya wa kilomita kadhaa kupitia mashamba ya watu. Tena hapa Uingereza, hadi mwanzoni mwa 2023, yule aliyeomba kuunganishiwa umeme mwingi aliweza kutakiwa kuchangia gharama ya kuimarisha mtandao wenyewe, si kipande chake tu. Ilikuwa kama kumwambia mtu wa kwanza mwenye kiu achimbe kisima kwa fedha yake, kisha majirani wateke bure. Nani angetaka kuwa wa kwanza? Tangu Aprili 2023 utaratibu huo umebadilishwa, na gharama kubwa ya kuimarisha mtandao inagawanywa kwa watumiaji wote wa umeme. Nalitaja badiliko hili kwa sababu linaonyesha kwamba mambo tunayoyaita ya kifundi mara nyingi ni maamuzi ya nani alipe, na maamuzi hubadilika.

Baada ya transfoma kuna hesabu ya wateja. Kampuni inayoweka chaja lazima irudishe fedha zake. Inatazama mji, inahesabu magari ya umeme yaliyopo, inaona machache, inaondoka. Simlaumu mfanyabiashara kwa kuhesabu. Asiyehesabu hufilisika, na chaja ya mfilisika haimfai mtu. Lakini hebu tuitazame hesabu hiyo kwa utulivu. Magari ya umeme ni machache katika mji kwa sababu hakuna pa kuchajia. Hakuna pa kuchajia kwa sababu magari ni machache. Kutokuwepo kwa kitu kunaletwa mahakamani kama ushahidi kwamba kitu hicho hakihitajiwi, na shahidi huyo huyo ndiye aliyezaliwa na kosa linaloshitakiwa.

Watu wa kusini tunakijua kisa cha namna hii. Kabla ya 2003, mtu aliyetoka Dar es Salaam kwenda Kilwa, Lindi au Mtwara alivuka Mto Rufiji kwa pantoni pale Ndundu. Masika ikishuka, barabara ilikuwa tope, magari yalipanga foleni, na abiria walilala njiani na watoto wao. Kama mtu angekwenda Ndundu katika miaka hiyo akahesabu magari yaliyovuka, angeweza kuandika ripoti safi kabisa ya kwamba daraja halina faida, maana wanaosafiri ni wachache. Asingekuwa amesema uongo kuhusu idadi. Ila asingeweza kuwahesabu wale walioamua kutosafiri: mgonjwa ambaye hakupelekwa, mchuuzi aliyeacha samaki wake waharibike kuliko kuhangaika nao njiani, kijana aliyeona bora asirudi nyumbani kuoa. Watu hao hawaonekani kwenye foleni. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, wengi wao ndipo walipoonekana.

Marekani nako walipita njia hiyo. Katikati ya miaka ya 1930, karibu asilimia 90 ya nyumba za mijini zilikuwa na umeme, na katika mashamba ni kama shamba moja tu kati ya kumi. Kampuni zilisema wakulima wametawanyika mno, hawatatumia umeme wa kutosha kulipia nguzo. Mwaka 1935 Rais Roosevelt aliunda chombo cha serikali cha kuwakopesha watu wa vijijini, nao wakajiunga katika vyama vya ushirika, wakasimamisha nguzo. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 karibu mashamba yote yalikuwa na umeme, na wakulima walioambiwa kwamba hawatautumia waliutumia. Somo ninalolipata si kwamba wafanyabiashara ni watu wabaya. Ninachojifunza ni kwamba hesabu ya haja ya leo haiwezi kupima haja ambayo ukosefu wenyewe umeizuia isizaliwe.

Nieleze sasa jambo nililoliona mwenyewe, maana bila hilo pengine nisingeandika kurasa hizi.

Mji wetu ulikuwa na chaja moja ya kasi, katika uwanja wa kuegesha magari. Katika majira ya kupukutika majani, mwaka 2023, iliharibika. Skrini ilizima, na nilipopiga simu kwa namba iliyobandikwa nikaambiwa kuna kifaa kinangojewa. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Chaja nyingine ya kasi iliyokuwa karibu ilikuwa ng'ambo ya mlima, zaidi ya kilomita 40. Jioni moja nilipokuwa nimeunganisha gari langu kwenye nguzo ya polepole, nilimkuta mama mmoja amekaa ndani ya gari lake kwenye nguzo ya pili, amejifunika koti, anakula mkate. Kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani. Huwaamsha, huwaogesha, huwapa dawa na chakula, kisha huenda kwa mwingine. Wengi wa wahudumu hao hulipwa kwa muda wanaokuwa ndani ya nyumba ya mzee, si kwa saa walizokaa njiani, wala zile walizokaa uwanjani wakingoja betri.

Tukazungumza. Aliniambia kwamba tangu chaja iharibike ameacha kumhudumia mzee mmoja anayeishi peke yake mwishoni kabisa mwa bonde, kwa sababu hana hakika ya kufika kwake na kurudi baada ya mizunguko mingine ya siku. Mzee amepewa mhudumu mwingine kutoka mji wa mbali, anayefika saa tatu usiku badala ya saa kumi na mbili jioni. Kwa hiyo mzee anakula saa tatu, au anakula mkate mkavu mapema kisha analala njaa. Mama yule hakulalamika. Alisema tu kwamba kwao mambo huwa hivyo, kila kitu hufika mwisho na huondoka kwanza: benki, basi, posta, sasa na hii chaja. Alisema hayo kwa sauti ya mtu anayeeleza hali ya hewa.

Sauti hiyo ndiyo iliyonikaa moyoni. Niliitambua. Ni sauti ya abiria wa Ndundu. Mtu akisubirishwa kwa muda mrefu, hufika mahali ambapo hajioni tena kuwa amenyimwa kitu. Hujiona kuwa ni mtu wa kungoja, kama vile wengine walivyo warefu au wafupi. Hapo subira imekwisha kugeuka kutoka tabia njema ikawa unyonge.

Najua kuna watakaonipinga, na hoja zao ni nzito. Si vyema kuzipita mbio.

Hoja ya kwanza ni kwamba gari la umeme ni anasa. Kwa nini fedha ya umma, ambayo anaichangia hata mpanda basi, imnunulie mwenye gari chai yake? Hoja hii ningeikubali kama wenye shida hii wangekuwa ni matajiri. Lakini tajiri ana ua, na katika ua wake ana chaja yake ya ukutani. Mwaka 2024, mwenye mita ya usiku nyumbani hapa Uingereza aliweza kuchaji kwa peni 7 au 8 kwa uniti. Aliyetegemea chaja ya kasi ya umma alilipa karibu peni 80. Tena uniti ya nyumbani ilitozwa kodi ya asilimia 5, na ile ya uwanjani asilimia 20. Kwa hiyo asiye na ua ndiye anayelipa mara kumi, na ndiye anayehitaji chaja ya umma. Zaidi ya hayo, magari ya zamani kama langu hutumia plagi ya CHAdeMO, na huku Ulaya magari mapya karibu yote yamehamia plagi ya aina nyingine, hata vituo vingi vipya haviweki ile ya zamani. Anayenunua gari bichi anachagua. Anayenunua lililokwisha kutumika anachaguliwa.

Pia ipo hoja ya sheria. Aprili 2025 serikali ya Uingereza ilithibitisha kwamba kuanzia 2030 magari mapya yanayotegemea petroli au dizeli pekee hayatauzwa. Mimi naunga mkono shabaha hiyo, kwa sababu hewa ni ya wote na hali ya hewa inavyochafuka inawaumiza kwanza watu waliochangia kidogo, wakiwamo wa kwetu. Lakini anayeifunga njia ya zamani ana wajibu wa kuhakikisha kwamba njia mpya imefika kwa wote aliowafungia. Huwezi kumwambia mtu ahame nyumba kwa faida ya kijiji kizima, halafu ukasema paa la nyumba mpya ni juu ya soko.

Hoja ya pili ni kwamba anayeishi mji mdogo amechagua. Amepata utulivu, hewa safi na nyumba ya bei nafuu. Asidai na kasi ya mjini. Kuna ukweli ndani yake. Mimi nilichagua kuishi hapa, na sitegemei kupata kila kitu kinachopatikana Cardiff. Lakini yule mzee wa mwisho wa bonde alizaliwa palepale. Na hata aliyechagua, hakuchagua kwa ajili yake peke yake. Maziwa na nyama ya mjini hutoka huku. Maji yanayonywewa Birmingham hutoka katika mabwawa ya Bonde la Elan, hapa hapa katikati ya Wales, na yamekuwa yakishuka huko tangu 1904. Mabomba ya kuyachukua maji yalijengwa umbali wa zaidi ya kilomita 110, na hakuna aliyeuliza kama umbali huo unalipa. Umbali huwa mrefu pale tu kitu kinapotakiwa kwenda upande wa pili.

Hoja ya tatu ni ile ya kusema: ngojeni, soko litafika. Pengine litafika. Lakini mzee haishi katika siku hiyo, anaishi katika leo.

Hebu tutazame sheria zilizokwisha kutungwa, kwa maana si kweli kwamba wakubwa wamelala. Marekani mwaka 2021 ilitenga dola bilioni 5 kwa ajili ya chaja za kasi, na masharti yake ya kwanza yalitaka kituo kila maili 50, kisichozidi maili moja kutoka barabara iliyoteuliwa. Umoja wa Ulaya mwaka 2023 ulitunga sheria inayotaka vituo vya kasi kila kilomita 60 katika mtandao wa barabara kuu za kwanza, ifikapo mwisho wa 2025. Ni mambo mazuri. Lakini angalia kinachopimwa. Kinachopimwa ni barabara, na anayefikiriwa ni mpitaji. Sheria inauliza: je, mtu wa mji mkubwa anaweza kwenda mji mkubwa mwingine bila kukwama? Mji mdogo ukikaa juu ya mstari utanufaika. Ukiwa pembeni ya mstari, ramani itasema kazi imekamilika nao haumo. Mkaaji amesahauliwa ndani ya hesabu ya msafiri.

Uingereza nayo mwaka 2023 ilitunga kanuni kwamba chaja za kasi za umma ziwe zinafanya kazi asilimia 99 ya muda. Niliposikia nilifurahi. Kisha nikasoma vizuri: asilimia hiyo ni wastani wa mtandao mzima wa kampuni kwa mwaka. Kampuni yenye chaja 1,000 inaweza kuziacha 10 zikiwa zimekufa mwaka mzima, na wastani wake ukabaki kuwa asilimia 99. Mjini, chaja moja kati ya ishirini ikifa, dereva anasogea hatua mbili. Katika mji wenye chaja moja, ikifa moja zimekufa zote. Wastani haujui tofauti hiyo. Wastani ni kama mtu anayesema kwamba wageni wote kwa pamoja wameshiba, kwa kuwa wa meza ya mbele wamekula sahani mbili.

Basi tunadaiwa nini sisi kwa sisi? Sidhani kama haki ni kila kijiji kupata mabirika 200. Hilo lingekuwa ubadhirifu, na ubadhirifu nao ni dhuluma kwa wenye haja nyingine. Nadhani haki ni kuweka kiwango ambacho chini yake hakuna mtu anayeachwa ashuke, hata kama hesabu ya faida inaruhusu. Norway walianza mwaka 2015 kwa kutoa ruzuku ili chaja za kasi ziwepo kila kilomita 50 katika barabara kuu. Hata hivyo Finnmark, kaskazini kabisa, ambako watu ni wachache na umbali ni mkubwa, ilibaki nyuma kwa miaka. Baadaye ruzuku ikaelekezwa kwa manispaa zilizokuwa na chaja za kasi pungufu ya mbili. Naipenda sana namba hiyo ya mbili. Aliyeiweka alijua kwamba moja huharibika. Hakuuliza ni magari mangapi yamesajiliwa pale. Aliuliza mahali hapo pana nini. Mwaka 2024, karibu magari tisa kati ya kumi mapya yaliyouzwa Norway yalikuwa ya umeme, na bila shaka ruzuku za kununulia magari zilichangia zaidi. Lakini si rahisi kuamini kwamba nchi nzima ingehama kama nusu ya ramani yake ingekuwa giza.

Wala ufundi si kizuizi kama inavyodhaniwa. Siku hizi ziko chaja zenye betri kubwa ndani yake. Waya dhaifu wa mji mdogo huijaza betri hiyo polepole mchana na usiku, na gari likifika hupewa kwa kasi kile kilichokusanywa. Haba na haba hujaza kibaba. Kwa mji unaopokea magari machache kwa siku, chombo kama hicho chaweza kutosha bila kubadili transfoma. Tena kanuni ya asilimia 99 ingeweza kupimwa mahali kwa mahali badala ya kwa wastani. Hilo halihitaji hata waya mmoja. Linahitaji tu mtu aliyeandika kanuni awe amewahi kumfikiria anayeishi mahali penye chaja moja.

Huko ndiko mawazo yangu yanakonipeleka kila ninapolirudia jambo hili. Tunapogawa maji, ardhi au fedha, tunajua kwamba tunagawa, na tunagombana kama wagawaji wanavyogombana. Tunapogawa kasi hatujui kwamba tunagawa kitu. Tunasema tunajenga barabara, tunaweka chaja, tunaharakisha huduma. Kumbe kila tulipoharakisha mahali pamoja na kupaacha pengine, tumeamua saa za nani ni ghali na saa za nani ni rahisi. Masikini na tajiri wana saa 24 kila mmoja. Muda ndiyo mali pekee ambayo Mungu aliigawa sawa. Binadamu ndio waliokuja baadaye wakaanza kuipunguza kwa wengine.

Chaja ya mji wetu ilitengenezwa wiki ya sita. Mzee wa bondeni hakurudishiwa mhudumu wake wa zamani, kwa sababu ratiba zilikuwa zimekwisha kupangwa upya, na anaendelea kula saa tatu usiku. Hakuna ripoti itakayomwandika. Yeye hana gari, la umeme wala la petroli, na kwa hiyo hatahesabiwa kamwe miongoni mwa watu wanaohitaji chaja ya kasi.